Chungu cha Miungu

Kaburi la tatu kutoka ukutani, Forest Road:
kuvu imemla marehemu, imembakiza "Mak".
Mimi Barngetuny, fundi wa mawe,
nalipwa kwa herufi.

Mjukuu wake, Bi Ishbeli, kaja na chupa ya chai.
"Mak," asema, "ni mwana wa."
Kwetu ni arap, nikamjibu.
Akacheka, akanimiminia.

Askili lilikuwa jina la watu wa kaskazini,
waliofika visiwani kwa makasia na shoka,
wakatoza ushuru kila ghuba,
wakachoma vijiji, kisha wakaposa humohumo.
Watoto wakaota ndoto kwa lugha ya mama,
wakatukana kwa lugha ya baba.
Bara likawaita wageni.
Kaskazini nako, wageni.

Na maana yake?
"Chungu cha miungu."
Patasi ikasita.
Ukoo mzima, na mabwana wa mawimbi,
kumbe asili yao sufuria!

Nyuma ya ukuta watoto wa Ngara wanagombania mpira,
lugha tatu ndani ya tusi moja.
Nachonga A.
Nachonga S.
Vumbi la jiwe limeingia kikombeni;
nainywa hivyohivyo.