Orodha ya Kwanza

Mechi mbili tu zimechezwa, na Tumwesige
ameshatupanga: sisi wa tisa.
Hajafika Gulu. Hajamwona
Ayikoru akidaka ribaundi kwa mkono mmoja,
wa pili umeshikilia kaptula iliyokatika lastiki.

Walikaa Wandegeya, makocha watano na sahani ya rolexi,
wakapiga kura kwa kumbukumbu:
nani alibeba kombe mwaka jana,
nani ana basi lenye jina la chuo ubavuni.
Bingwa aliyefungwa juzi kwa pointi ishirini
kashushwa ngazi moja, kwa heshima.

Nimeibandika mlangoni pa stoo ya mipira.
Sijaichana.
Pembeni nimening'iniza penseli
kwa uzi wa wavu mkuukuu.
Msimu bado mbichi.