Kodi ya Mlima

Dalali Evarist hakuanza kunionyesha choo.
Alinipandisha ngazi moja kwa moja hadi ghorofa ya pili,
akavuta pazia kama anayezindua kitu,
akanyamaza. Yeye, aliyesema tangu stendi hadi Rau
bila kumeza mate.

Februari, saa kumi na mbili unusu asubuhi.
Kibo kimejaa dirisha zima.
Jino, nikasema moyoni.
Ndiyo kazi yangu: nachonga meno ya bandia hospitali,
weupe naujua kwa namba, kuanzia wa mtoto
hadi wa mvuta sigara wa miaka arobaini.
Ule haukuwamo kwenye orodha.

"Chumba na sebule, laki na themanini.
Cha chini, hivi hivi kilivyo, laki na sitini."
"Na hii ishirini ni ya nini?"
Akaelekeza kidevu dirishani.

Nikalipa miezi sita, na mmoja wa dalali.
Nikabaki na begi, godoro, na mlima.

Wiki ya tatu mawingu yakashuka, yakakaa
kama wageni wa msiba.
Machi. Aprili. Dirisha likawa shuka lililoanikwa.
Nikapata nafasi ya kukijua choo:
mlango unafungwa kwa kamba ya kiatu.
LUKU tunachangia na saluni ya chini;
Kyesi akiwasha draya, taa yangu inakonyeza.

Ndipo nikanunua daftari la miraba.
*Haukuonekana. Haukuonekana.
Umeonekana robo saa, kisha ukajifunika
kama mgonjwa anayeficha pengo.
Haukuonekana.*

Mwisho wa Julai nikashuka kwa Mama Elinami.
Anakaa chumba cha nyuma; dirisha lake
linatazamana na ukuta wa jirani,
matofali yasiyopigwa lipu, hatua moja tu.

"Siku arobaini na moja, mama, katika miezi sita.
Mlima nimeulipia laki na ishirini.
Kila kuuona ni karibu elfu tatu.
Tupunguze."

Akavaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja.
Akasoma ukurasa kwa ukurasa, kwa kidole,
nami nikasimama kama mwanafunzi
anayesubiri kusahihishiwa.

"Tarehe tisa Mei umeandika haukuonekana."
"Ndiyo."
"Saa kumi na moja jioni, ulikuwa kazini.
Mimi nilikuwa juu ya ngazi, natazama simtanki kama limejaa.
Ukatoka. Wote. Maji yakamwagika mpaka kwa jirani."

Akafunga daftari.
"Chumba kile ni chetu. Baba Elinami alisema,
tupandishe ghorofa, tuuone tukiwa tumelala.
Tukauona miaka mitatu.
Kodi yako inalipa dawa
ambazo hazikumsaidia."

Sikuwa na mraba wa kuandika hilo.

"Sipunguzi hata mia," akasema,
akinirudishia daftari kwa mikono miwili.
"Ila ukifunguka alfajiri, nigongee."

Agosti, Jumanne. Baridi ya kung'ata masikio.
Niligonga bomba la chuma mara tatu kwa kijiko.
Akapanda na kandambili, kanga begani,
akapita bila hodi, bila salamu,
akasimama pale pale ambapo Evarist alivuta pazia.

Nilitafuta namba ya weupe ule, nikaikosa tena.
Nikafungua daftari: *ya arobaini na mbili.*
Elfu tatu. Nikajaribu kuigawa kwa wawili,
kalamu ikagoma.

"Kioo hiki kina ufa," akasema.
"Nitamtuma fundi."
"Na mlango wa choo, mama?"

Hakugeuka.
"Ngoja kwanza," akasema.
"Unaanza kujifunika."