Namba Sita

Umeme umekatika tangu saa moja, Katuba yote giza.
Chansa, washa simu, mulika.
Si usoni pangu. Kwenye kulasi.

Supapa nane, viti vinane.
Nimetoboa boksi la sabuni matundu nane
nikaandika namba kwa kalamu ya risasi,
maana supapa iliyokwisha zoea kiti chake
ukiihamisha ni kama mke wa pili
aliyerithishwa sufuria za wa kwanza:
atapika, lakini jikoni mtasikia kelele.

Gari ni la Kapend, Korola ya themanini na mbili,
daraja la magari ya kawaida. Sheria yao fupi:
kilichotoka kiwandani kibaki kilivyotoka.
Usipanue njia ya hewa. Usiing'arishe.
Umeruhusiwa kiti tu, na uso wa supapa,
upana wa ukucha wa mtoto mchanga.
Humo, ndani ya ukucha huo,
ndimo tunamolia bukari mimi na wewe.

Mchana, umeme ukiwapo, nilipitisha mawe:
arobaini na tano kwanza,
kisha thelathini juu, sitini chini,
mpaka ikabaki pete ya kijivu, milimita moja na nusu.
Ikiwa nyembamba, itaungua.
Ikiwa pana, itakalia masizi
na pumzi itatoroka usiku kama mpangaji mwenye deni.

Sasa ni mkono. Shika kijiti.
Baba alikitumia karakana ya reli miaka ishirini na sita,
miezi thelathini na minne ya mwisho bila mshahara.
Zungusha, inua, geuza. Zungusha.
Usitazame, sikiliza.
Mwanzo inakwaruza, mchanga kwenye bati.
Halafu kama mtu anayefagia ua, nyumba ya tatu kutoka hapa.
Halafu amefika mwisho wa ua.
Hapo acha.
Wengi wanajua kusaga, Chansa.
Kuacha hawajui.

Kapend alikuja saa tisa na Simba mbili za baridi,
na tupa ndogo amevingirishia gazeti.
«Mama Numbi, njia ya moshi, kidogo tu,
nani atachungulia?»
Nikamwambia: bia weka mezani,
tupa rudisha mfukoni.
Akacheka. Mimi sikucheka,
nilikuwa nahesabu kodi ya nyumba.

Haya, funga plagi. Laza kulasi tumbo juu.
Mimina mafuta ya taa vyumba vyote vinne, tungoje.
Mbwa wa jirani. Jenereta ya baa. Mtu anagombana na mlango.
Cha kwanza kimetulia.
Cha pili.
Cha tatu… mulika. Mulika vizuri.
Kimeshuka.
Namba sita inalia, tone moja, nyuma ya shingo yake.

Ifungue.
Najua ni saa nane. Ifungue.

*

Sikwenda barabara ya Kipushi. Jumapili hiyo
nililala kwenye kiti cha Fuso lisilo na magurudumu,
viatu miguuni.
Simu ikalia, Kapend, upepo umejaa sauti yake:
«Wa pili, Mama. Kwa urefu wa taa.»

Eti komisere alifungua kulasi zote mbili papo hapo,
akapima kwa kalipa, akapitisha kidole gumba,
akakaa sana juu ya ya kwetu.
Akauliza, nani kaisaga hii?
Kapend akajibu: fundi mmoja, wa Katuba.

Fundi mmoja.

Na yule wa kwanza? nikauliza.
Nilikuwa tayari kusikia tupa, kusikia ujanja,
niliutega mdomo wangu upande wa kicheko.
«Safi,» akasema. «Hakuna alichogusa.
Pete zake kama zako.»

Faranga zilizobaki ataleta mwisho wa mwezi. Tutaona.
Wewe Chansa, weka hilo jagi chini, nawa mikono,
panda pikipiki uende Kenya, uende Ruashi,
uulize kwa adabu:
ni nani mwingine katika mji huu
anayesikia ua unapoisha.