Sponji ya Kerkenna

Bibi yangu Konchetta alizaliwa Arb,
kijiji cha mwisho cha Gozo, jua linapozama,
na Arb kwa lugha yetu ni magharibi tu.
Bahari tunaiita bahar. Dunia, dinya.
Mungu tunamwita Alla,
na tunapiga ishara ya msalaba tukimtaja.

Majira ya baridi yale tufani ilipasua mashua mwambani,
pale tunapovuna chumvi kiangazi
katika vibwawa vya mraba walivyochonga wazee kwa patasi.
Mvua ilikuwa imevijaza. Ndani ya kimoja alilala mtu
amekumbatia gunia la sponji,
hataki kuliachia hata kwa kuvutwa.

Akataja jina: Munji. Akataja kwao: Kerkenna.
Watoto wakapiga kelele, "Mturuki!"
maana huku kwetu kila aliyevuka maji ni Mturuki.
Wistin, kaka wa bibi, akatema mate.
Karne karibu nne hazikumtosha kusahau
mwaka ule kisiwa kizima kilipofungwa kamba
kikapelekwa Tripoli,
wakabaki vikongwe wasiouzika.

Bibi akamlaza ghalani, kati ya mbuzi na mitungi ya mafuta.
Asubuhi akampelekea mkate wa moto. Hakuugusa.
Adhuhuri, mkate na zeituni. Hakugusa.
Alasiri damu ikamchemka:
"Mkate wangu una nini? Umekandwa na shetani?"
Mgeni akanyoosha kidole juu, akatafuta neno.
"Ramdan," akasema.

Bibi akashika kiuno.
"Randan? Hata mimi niko Randan!
Wiki nzima sijaonja nyama wala jibini!"
Kwani Kwaresima sisi tunaiita hivyo,
na hakuna padri aliyewahi kutueleza sababu.
Mwaka huo Jumatano ya Majivu na mwezi mwandamo
viliangukia juma moja.

Basi jioni, kengele ya Salamu Maria ilipolia,
mara tatu, kimya, mara tatu,
wanaume mashambani wakavua kofia,
na ghalani Munji akamega mkate.
Siku kumi na saba alifuturu kwa kengele ya kanisa.
Siku moja mpiga kengele alilala, amelewa.
Bibi akapanda mnarani akavuta kamba mwenyewe.
Walipomuuliza, alisema, "Kuna mtu ana njaa."

Dun Salv, padri, akamwita sakristia.
"Huyo mtu anasali?"
"Anasali. Mwanzoni nilidhani kaangusha kifungo,
anakitafuta sakafuni."
"Anamwomba nani?"
"Alla."
"Alla yupi?"
"Baba, sikumuuliza jina la ukoo."

Wistin hakuketi naye hata mara moja. Nisiseme uongo.
Siku ya kuondoka alisimama mbali, mikono mfukoni,
akiitazama meli.
Koti alilovaa Munji lilikuwa lake.
Hakulidai.

Ghalani ilibaki sponji moja, kubwa kama kichwa cha mtoto.
Bibi hakuioshea sufuria wala mgongo.
Ijumaa Kuu, vijana waliojivika Urumi,
kofia za bati, miguu mitupu,
walikuja kuchukua ule mwanzi wa siki
ambao kila mwaka huchomekwa tambara nchani.
Wakakuta tambara limeondolewa.

Ikapita juu ya vichwa vyetu vyote,
mbele ya Dun Salv, mbele ya Wistin aliyebeba mshumaa,
ikapanda hadi midomo ya mti
ya Kristo aliyechongwa akiwa na kiu,
na siki ikamdondoka kidevuni.
Bibi alikuwa anapiga magoti. Hakuinua macho.
Aliniambia haya akiwa na miaka tisini,
nami sijui aliongeza nini na alipunguza nini.

Sponji bado ipo, kabatini mwa sakristia,
ngumu kama mkate wa juzi.
Mwaka jana nilipewa kazi ya kufuta vumbi.
Niliidondoshea maji kidogo, kujaribu tu.
Ikayanywa yote,
ikafumuka polepole kiganjani.