Sekunde ya Nne

Kazini nilifunzwa kutazama
sekunde tatu, kisha nifute.
Panga, futa. Moto, futa. Mtoto.
Usiku kucha, ghorofa ya tano, Barabara ya Mombasa,
hadi macho yangu yakawa mafagio.

Hapa Loresho simu zetu zimelala
ndani ya debe la biskuti.
Mtawa Kemunto, kichwa kimenyolewa, soksi za kijivu,
ametupa jambo moja tu: pumzi.
Ikija, ijue. Ikienda, ijue.

Siku ya kwanza nilifika pumzi ya nne nikapotea.
Ya pili, magoti yalinitukana kwa Kibukusu.
Ya tatu yule mtoto alirudi,
na kidole gumba kikahangaika gizani
kikitafuta pa kubonyeza.

Hapakuwa na pa kubonyeza.

Kwarara walipita juu ya paa
na makelele yao ya mabati yaliyolegea.
Mtoto alikaa. Nami nilikaa.
Ikaja sekunde ya nne, ambayo sikuwahi kuijua,
ikaja ya tano,
machozi,
harufu ya uji wa wimbi kutoka jikoni.

Jioni, nikiosha kijiko changu,
niliona uso humo, kichwa chini, umepinda,
uso wa mtu aliyechoka.
Kidole kikasogea, kwa mazoea.

Pole, Naliaka.
Nilisema bila sauti, maana kusema ni marufuku.
Pole, ile ya kumwambia jirani aliyeteleza matopeni,
huku umeshamshika mkono,
hujamuuliza alikuwa anakimbilia wapi.