Springi Haisahau

Trei arobaini za mayai kutoka Usagara,
ndani ya Probox ya marehemu kaka, nyeupe iliyochoka.
Nikifika Mkuyuni nafungua mlango wa nyuma,
nahesabu yaliyopasuka kwanza, mazima baadaye.

Nilidhani ni barabara.
Nililaumu mvua za Machi na matuta ya Buhongwa,
nikawalaumu hata kuku, kwamba maganda yao mepesi,
nikawatwangia makombe ya konokono wa ziwani.

Mama Ng'washi, nikimpa lifti, hupenda kusema:
"Gari lako laini, linabembea kama kitanda cha kamba."
Nami hutabasamu. Niliona ni sifa.

Kisha siku ile, mteremko wa Mkolani,
ndama akakatiza. Nikakanyaga breki:
pua ikainama, mkia ukapaa,
na matairi, haki ya Mungu, niliyasikia yakidunda,
yakigusa lami na kuiacha, yakigusa na kuiacha,
kama mtu pekupeku juu ya jiwe la saa saba mchana.
Breki ilishika gurudumu.
Gurudumu halikushika kitu.
Tukasimama ukingoni mwa mtaro. Ndama akanitazama,
ute wa mayai ukinitafuta chini ya kiti.

Fundi Lugwisha wa Igogo hakufungua boneti.
Aliegemea kona ya gari kwa mwili wote,
akakandamiza, akaachia, akarudi hatua moja.
Likapanda, likashuka. Likapanda. Likashuka.
Akamtuma kijana chai, akamkumbusha na sukari,
bado linaitikia.
"Lenye afya hupanda mara moja, likatua."

Akapitisha kiganja juu ya tairi: mabonde, vilima,
kama muhindi ulioguguniwa na mtoto.
Akapiga jeki. Shokapu za mbele zinavuja,
mafuta yamegandana na vumbi, nyeusi tii.
Za nyuma
hakuna. Boliti mbili zimeshikilia hewa.

"Springi kazi yake kubeba," akasema, "kunyamaza haijui.
Shimo la Nyegezi itakwenda nalo mpaka Mkuyuni.
Shokapu ndiyo huiambia: basi, yamepita."

Nikauliza nani kaziiba.
Akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka.
"Alizileta mwenyewe. Mwaka ule wa dawa.
Nilimpa elfu thelathini. Alisema
atarudi kuzikomboa, nisikuambie."

Miezi ishirini nimeendesha pengo lile
nikiliita ulaini.

Jioni akanifungia nne, si mpya, ila kavu.
Kwenye hesabu akakata elfu thelathini,
hakusema ya nini, nami sikuuliza.

Tuta la kwanza kuelekea Butimba
nikakaza meno, nikakaza mikono, kama kawaida.
Gari likapanda, likashuka.
Mwili wangu ukasubiri mdundo wa pili.
Haukuja.