Pua

Wao huchora. Mimi hutia rangi.
Karatasi zao hunijia zingali mbichi kwa wino
juu ya duka la dobi, hapa Liège,
ambako mvuke wa mashati ya watu
hupenya mbao za sakafu na kukunja kingo za kazi yetu.

Ghislain huanzia puani.
Babake alifua chuma cha pua ng'ambo ya mto Meuse
hadi tanuri zilipozimwa;
mwana akarithi pua.
Huipinda kama ndoana, huivimbisha kama kitunguu,
na uso mzima huja nyuma yake ukihema:
waziri, askofu, mwenye nyumba wetu.

Nestan alifunzwa na mjomba wake wa Kutaisi,
mchoraji wa watakatifu.
Pua yake ni mstari mmoja, mrefu, mkavu,
usiowahi kunusa supu.
Hata sungura wake wa vitabu vya watoto
wana macho ya siku arubaini za mfungo.

Ganzorig huchora juu ya kioo, hachafui kidole.
Nukta mbili, basi.
"Mwenye pua ni farasi," asema,
"binadamu ana matundu tu."

Na Crisanto?
Crisanto hachori pua.
Macho, mdomo, na katikati uwanda mtupu.
Wanunuzi huuita mtindo.
Huko visiwani kwao alimchora meya
ambaye pua yake ilitangulia kuingia mlangoni,
mwenyewe akafuata baadaye sana.
Mji ulicheka siku moja.
Usiku wa pili wakaja kumuuliza ana maana gani.
Walimuuliza siku kumi na tisa.
Alitoka, na yake imepinda kushoto.

Miaka sita nimeupaka uwanda ule
rangi ya ngozi, bila kivuli.
Kivuli hakisimami pasipo kitu.

Alhamisi, mvua, akaniletea ukurasa wa nane:
bibi kituoni, anangoja basi.
Na usoni, kwa penseli, si kwa wino,
kitu. Kidogo kama punje ya mchele.
Kimepinda kushoto.

Hakusema neno.
Ghislain alikohoa, akajifanya anatafuta kifutio
kilichokuwa mkononi mwake.

Nilisuuza brashi mara mbili.
Basi lilikuwa limechelewa, na baridi ilikuwa kali.
Nikaitia wekundu kidogo, kwenye ncha:
pua ya mtu aliyesimama nje muda mrefu.